Koroborte kwa Miguu

Barabara ya Mlima Elgon ina wema unaoweza kukudhuru. Unaondoka Kisumu alfajiri, unapita Kakamega na Webuye, unafika Kitale jua halijawa kali, na kama gari lina nguvu unaingia lango la Chorlim, unapenya msitu na mianzi, na kabla ya magharibi umesimama Koroborte, kambi ya juu upande wa Kenya, ukitafuta pa kusimika hema. Hapo ni takriban mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Kisumu uliyoiacha asubuhi iko mita 1,131. Umeupandisha mwili wako zaidi ya mita 2,300 kwa siku moja, na muda wote huo ulikuwa umeketi.

Wanaokwenda Nepal kuifikia kambi iliyo chini ya Everest, mita 5,364, hutua kwa ndege Lukla, mita 2,800 na ushei, kisha hutembea hadi Namche Bazaar, mita 3,440. Hapo kwa kawaida hulala angalau usiku miwili ili mwili uzoee kabla ya kuendelea. Koroborte iko juu kidogo kuliko Namche. Lakini kwa kuwa Elgon ni wetu, kwa kuwa tunauona kila siku tukiwa Bungoma na Kimilili, na kwa kuwa hauna ncha kali wala barafu, tunauchukulia kuwa kilima cha matembezi ya wikendi. Nimewakuta pale juu vijana walioshuka garini jioni wakiimba, na kufikia usiku wa manane walikuwa wanatapika nje ya hema. Mmoja wao alikuwa ameshameza dawa ya malaria.

Naandika kwa sababu hiyo. Nataka watu wa kandokando ya Ziwa Victoria waupande Elgon, wengi kuliko wanavyoupanda sasa, na nataka waupande kwa miguu kuanzia langoni. Sisemi hivyo kwa kutafuta ushujaa. Miguu huupa mwili muda unaouhitaji, gari huunyima.

Kwenye mita 3,500 msukumo wa hewa umepungua kiasi kwamba kila pumzi inabeba oksijeni pungufu kwa karibu thuluthi moja ukilinganisha na ile unayovuta ukiwa Mombasa. Mwili hujibu kwa kupumua haraka na kwa kina. Kupumua huko hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko kawaida, kemia ya damu hubadilika, na figo hulazimika kuirekebisha polepole. Ndiyo maana siku za kwanza mtu huamka kukojoa mara kwa mara. Kazi hiyo ya figo huchukua siku kadhaa. Haiharakishwi na ujana, wala na mazoezi ya uwanjani. Mchezaji wa mpira anaweza kuugua na mama yake wa miaka 60 akabaki mzima. Wataalamu wa milima wana kanuni ambayo mimi naishika sana: ukishapita mita 3,000, pale unapolala leo pasizidi ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ukarudi, lakini kulala ndiko kunakohesabiwa.

Sasa hapa kwetu kuna jambo ambalo maelezo ya mlima yaliyoandikiwa wageni wa Ulaya hayaligusi. Dalili za mwanzo za ugonjwa wa mwinuko ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi. Mwambie mtu yeyote wa Nyalenda au Busia dalili hizo, atakujibu kabla hujamaliza: hiyo ni malaria. Tumekua na jibu hilo. Mama zetu walitupima kwa kiganja cha mkono kwenye paji la uso, na mara nyingi walikuwa sahihi. Mlimani jibu hilo linaweza kuua, kwa sababu anayeamini ana malaria humeza vidonge, hujifunika blanketi na kungoja, palepale juu, ilhali tiba anayoihitaji ni kushuka. Na upande wa pili pia ni kweli: vimelea vya malaria hukaa mwilini wiki moja, mbili au zaidi kabla ya mtu kuhisi chochote, kwa hivyo unaweza kupanda na malaria ya Kisumu na ikulipukie Koroborte.

Rafiki yangu muuguzi, tuliyekuwa naye katika safari ninayoisimulia hapa, alituwekea utaratibu mmoja tu kabla hatujaondoka. Yeyote atakayeumwa kichwa juu ya mita 2,500 ana ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Apimwe joto. Akiwa na homa au asiwe nayo, asipande hata hatua moja zaidi, akizidi, ashuke, akifika chini apimwe malaria. Na mtu akianza kuchanganyikiwa, akishindwa kutembea kwa kufuata mstari ulionyooka, akihema hata akiwa amepumzika, au akikohoa povu, hashuki asubuhi. Anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na hashuki peke yake.

Jingine ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ukanda wa Ziwa na magharibi yote ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambako ugonjwa huu umeenea zaidi, na sababu ni malaria hiyohiyo: mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali, hivyo jeni hiyo ikadumu vizazi na vizazi. Anayeugua selimundu yenyewe asipelekwe juu hivyo bila daktari wake kukubali, maana upungufu wa oksijeni ndio unaozigeuza chembe za damu kuwa na umbo la mundu na kuziba mishipa. Mwenye jeni moja, ambaye kila siku ni mzima na pengine hajui kama anayo, kwa kawaida hupanda salama, lakini imewahi kutokea bandama za watu wa aina hiyo zikaathirika kwenye mwinuko. Kwa hivyo jua hali yako kabla ya kwenda. Maumivu makali ya ubavu wa kushoto, chini ya mbavu, ni ishara ya kushuka bila mjadala. Ningependa kila kiongozi wa kikundi kinachotoka kwetu aulize swali hilo kabla hajauliza nani ana viatu.

Viatu, basi. Kisumu ina bahati: sokoni Kibuye siku ya Jumapili utapata jaketi nzito za mitumba ambazo hakuna anayezihitaji kwenye joto letu, na muuzaji hufurahi kuzipunguza. Nunua ya manyoya ndani, nyingine ya kuzuia mvua, glavu, kofia ya sufu, soksi nene. Hema na mifuko ya kulalia tulikodi. Chakula tulipika kwa akili ya mlimani: maji kule juu huchemka yakiwa nyuzi 88 hivi badala ya 100, kwa hivyo maharagwe unaweza kuyaweka jikoni tangu asubuhi na jioni bado yanagonga meno. Tuliyachemsha Kitale yakaiva kabisa, tukayabeba yamekauka maji. Omena tulizikaanga mpaka zikawa kavu. Ugali unaiva, ila mpishi ausonge muda mrefu kuliko alivyozoea, vinginevyo utabaki na ladha ya unga mbichi. Chai hiyo usijali, hata ikiwa na nyuzi 88 ni chai.

Tulilala kwanza Kitale, kwa shangazi yangu, katikati ya mashamba ya mahindi. Kitale iko karibu mita 1,900, na huo peke yake ni mwanzo mzuri kwa mtu wa Ziwa. Shangazi hakufurahia safari.

“Mtoto wa kaka yangu, mlimani mnafuata nini?” aliuliza, akiwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. “Mmesahau yaliyotokea kule?”

Hatukusahau. Kati ya 2006 na 2008 wilaya ya Mlima Elgon ilikumbwa na mapigano ya ardhi yaliyoongozwa na kundi lenye silaha la SLDF (Sabaot Land Defence Force), kisha Machi 2008 jeshi likaingia, na wananchi waliumizwa na pande zote mbili. Vijiji vya Cheptais na Kopsiro vilizika watu wengi. Watoto waliokua miaka ile katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia walifundishwa kuutazama mlima kwa mbali, na naamini hiyo ni sababu mojawapo ya kizazi changu kuujua Elgon kupitia vitabu vya jiografia tu. Shangazi ana haki ya kuuliza. Nilimjibu kwa heshima kwamba tunapitia lango la hifadhi, tukiwa na askari wa wanyamapori, na kwamba tutampigia simu kila tutakapopata mtandao. Aliondoka bila kusema neno, akarudi na kilo mbili za karanga.

Kutoka Kitale unapanda matatu hadi Endebess, na kutoka hapo bodaboda hadi Chorlim. Malipo ya kuingia hufanywa mapema kwa simu kupitia eCitizen. Hifadhi upande wa Kenya ilitangazwa mwaka wa 1968 na ina kilomita za mraba 169. Kutembea ndani kunahitaji askari mwenye bunduki, kwa sababu nyati na ndovu wamo kweli, na tulipewa wawili. Huyo mkubwa, ambaye wote tulimwita afande kwa namna ya kumheshimu kama baba, alitusikiliza tukieleza mpango wetu wa kutembea badala ya kupanda na gari, akaangalia viatu vyetu kimoja kimoja, akasema, “Mtafika. Lakini twendeni kwa mwendo wangu, si kwa mwendo wenu.” Mwendo wake ulikuwa wa mtu anayekwenda shambani bila haraka. Kijana wetu mmoja, mwendesha bodaboda wa Kondele, alikuwa akimpita kila mara, na kila mara afande alisimama tu, akangoja arudi.

Msitu wa chini ni wa kutembea ukiwa kimya. Kuna mizaituni ya Elgon yenye mashina yaliyonyooka, podo, na mitarakwa mikubwa iliyojaa ndevu za kuvu. Mbega weupe kwa weusi walituruka juu ya vichwa. Ukiwa garini mambo haya yote yanapita dirishani kwa nusu saa, na sioni faida ya kulipa kiingilio ili kuyakimbia.

Mapango yapo upande huu wa chini. Kitum linaingia mlimani karibu mita 200, na ndovu huingia humo usiku, gizani, wakipapasa kwa mikonga, wakichimba kuta kwa pembe ili wale chumvi. Joseph Thomson alipofika mapango ya Elgon mwaka wa 1883 alidhani yamechongwa na watu wa kale. Kazi kubwa imefanywa na maji na ndovu, na wenyeji Wasabaot waliyatumia kujificha na kuficha mifugo yao. Lakini mwaka wa 1980, na tena 1987, watu waliokuwa wametembelea Kitum waliugua homa ya virusi vya Marburg wakafa, na leo inajulikana kwamba popo wala matunda wa jamii inayoishi mapangoni humo hubeba virusi hivyo. Tuliangalia kutoka mdomoni, tukasikiliza popo, tukaendelea. Binamu yangu alitamani kuingia. Afande alitikisa kichwa, na hakuna aliyembishia.

Mianzi inaanza ghafla. Dakika moja uko chini ya miti mikubwa, nyingine uko kwenye mwanga wa kijani na njia imejaa majani makavu yanayolia kila unapokanyaga, na afande anapunguza mwendo zaidi, bunduki imeshuka begani, kwa sababu humo nyati hukuona kabla hujamwona. Tulilala ukingo wa juu wa mianzi, karibu mita 3,000. Huo ndio usiku ninaoutetea katika makala hii yote. Wenye magari huupita mahali hapo bila kujua kuwa wamepita. Tulikula mapema, tulikunywa maji mengi, tulilala vibaya kidogo kama ilivyotarajiwa, na asubuhi muuguzi alituuliza mmoja mmoja kuhusu kichwa, tumbo na usingizi. Wote tulikuwa wazima.

Kutoka hapo miti inakuwa mifupi, inakuwa vichaka, kisha vichaka vinaachana na unaona mbingu yote. Koroborte yenyewe ni uwanda wa nyasi, maji ya kijito, na upepo. Nyumba hakuna. Jua likizama joto linaondoka mara moja, na alfajiri nyasi zina umande ulioganda. Mimea ya pale imejifunza maisha hayo kwa namna ambayo ningeweza kuitazama siku nzima. Ile senesio kubwa inayozidi urefu wa mtu haiangushi majani yake makavu; huyavaa shinani kama kanzu juu ya kanzu ili baridi isifike ndani, na usiku majani mabichi hujifunga kulinda kitovu cha mche. Lobelia huhifadhi maji katikati ya majani, na usiku tabaka la juu linaganda huku la chini likibaki maji, na chipukizi liko salama humo. Muuguzi wetu alipiga magoti kwenye umande akachungulia lobelia moja kwa muda mrefu. Alisema hajawahi kuona mgonjwa aliyejitunza vizuri hivyo.

Usiku huo binamu yangu aliumwa kichwa. Hakutapika, lakini chakula kilimchukiza, na saa tano alisema kichwa kinagonga. Joto lake lilikuwa la kawaida. Yeye mwenyewe alisema, “Hii ni malaria, nipeni dawa nilale.” Muuguzi alimpa ya kutuliza maumivu na maji, akakaa naye, na saa kumi alipoona hali haijabadilika, akaamua kwamba kukipambazuka anashuka. Binamu alilia. Alikuwa amejiandaa kwa miezi, na kilele kilikuwa kinaonekana kutoka mlangoni pa hema. Nilimwelewa kabisa, na bado nilijua hakuna cha kujadili. Askari wa pili na muuguzi walimteremsha hadi kambi yetu ya mianzi, na kabla ya saa sita mchana kichwa kilikuwa kimetulia, akala omena na ugali baridi. Miili haifanani: tulitembea njia moja, tukalala mahali pamoja, na yeye alihitaji usiku zaidi kuliko sisi.

Tuliobaki tulipanda na afande hadi Koitobos, mita 4,222. Ni saa chache za nyasi za vishungi na mawe, na mwisho wake unapanda ngome ya mwamba yenye kichwa bapa. Nilikuwa nahesabu pumzi: hatua, pumzi, hatua. Kisha ardhi inakwisha mbele yako na unaona ndani ya kaldera, bonde la volkano iliyozimika, upana wake karibu kilomita 8, na ng'ambo kule Uganda ni Wagagai, mita 4,321, kilele cha juu cha mlima wote.

Nilidhani ningeshangazwa na urefu. Kilichonishika ni maji. Afande alinyoosha fimbo yake, akaonyesha Suam ukichipuka ndani ya kaldera na kutoka kwa korongo la mashariki. Mto huo unafuata mpaka wa nchi mbili, unakuwa Turkwel, unazungusha mitambo ya umeme kwenye bwawa la Turkwel, na unaishia Ziwa Turkana, ziwa lisilo na njia ya kutokea. Akageuka. Miteremko iliyokuwa nyuma yetu inaulisha Nzoia, ukichanganyika na maji ya Cherangani, unaopita Webuye na Mumias hadi Budalang'i na kuingia Ziwa Victoria. Upande wa kusini-magharibi, mito ya Malaba na Malakisi inaelekea Ziwa Kyoga na kuingia Nile huko. Mvua moja ikinyesha juu ya ukingo ule inagawanywa kwa jangwa, kwa wavuvi wetu na kwa Misri.

Ninatoka Kisumu, nimekunywa na kuoga maji ya Ziwa maisha yangu yote, na nimechangia unga na nguo za watu wa Budalang'i Nzoia ilipovunja kingo zake. Kusimama mahali ambapo sehemu ya maji hayo huanza kulinifanya niwaze tofauti kuhusu kila mti unaokatwa pale chini. Elgon ni mmoja wa minara mitano mikuu ya maji ya Kenya, pamoja na Mau, Aberdare, Cherangani na Mlima Kenya. Na si pori lisilo na wenyewe: Waogiek wa Chepkitale wamefuga kwenye nyika ya juu upande wa kusini tangu mababu, na Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa na wafuasi wake waliuheshimu mlima huu kama mahali patakatifu wakati wakoloni waliuona kama mbao na mipaka.

Kama unakwenda, nenda kati ya Desemba na mwanzo wa Machi, maana mvua za magharibi zikianza huchelewa kuisha na njia ya mianzi inakuwa matope. Lala Kitale. Lala langoni kama una muda. Lala mianzini, na kama kichwa chako huuma upesi, lala hapo mara mbili. Gari mwachie anayebeba mizigo, na liwe karibu kwa ajili ya mgonjwa. Kwa kazi hiyo barabara ile ni baraka kubwa.

Tulipofika Kitale tulimpeleka binamu akapimwe malaria, kama tulivyokubaliana. Hakuwa nayo. Mwaka uliofuata alirudi, tukamwongezea usiku mianzini, na alifika Koitobos kabla yangu. Shangazi alimpa karanga zake peke yake.